Petroli Ikizama Ardhini Inakwenda Wapi? Ijue Kazi ya Mwanajiolojia Asiyetafuta Madini

Wadau, ukisema hapa Soweto kwamba unataka kusoma jiolojia, jibu ni moja tu: "Mererani!" Watu wanadhani utashika nyundo, utafute tanzanite, halafu urudi mtaani na Prado. Siwalaumu, Mererani ipo hapo tu na wengi wetu tuna kaka au mjomba aliyewahi kushuka shimoni. Lakini kuna wanajiolojia ambao hawatafuti kitu cha kuuza. Wanatafuta kitu ambacho hakuna mtu anakitaka: petroli, dizeli na oili iliyozama ardhini. Wakiipata, wanaitoa. Wasipoipata, kuna mtu mahali fulani ataikuta kwenye ndoo yake ya maji.

Mimi nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa CBG, na nimekuwa nikisoma habari za kazi hii kwa sababu na mimi natafuta cha kusomea. Leo nawagawia nilichokipata. Nitaeleza kwa lugha yetu ya kawaida, maana najua dakika za kafe zinahesabika.

MAFUTA HAYAPOTEI, YANAHAMA

Tuanze na kosa ambalo karibu kila mtu analo kichwani. Mafuta yakimwagika chini, baada ya siku mbili tatu udongo unakauka, harufu inapungua, tunasema yameisha. Hayajaisha. Sehemu imepaa hewani kama mvuke, kweli, lakini sehemu nyingine imeshuka. Inapita katikati ya chembe za udongo mpaka ifike kwenye maji ya ardhini. Hapo inasimama, kwa sababu petroli na dizeli ni nyepesi kuliko maji. Zinaelea juu ya maji kule chini, gizani, kama mafuta ya taa yanavyoelea ukiyadondoshea kwenye beseni.

Hapo ndipo tatizo lenyewe linapoanza. Petroli si kitu kimoja, ni mchanganyiko wa vitu vingi. Baadhi yake vinayeyuka kwenye maji kidogo kidogo na kusafiri nayo. Kibaya kuliko vyote kinaitwa benzeni, ambacho kinajulikana kusababisha saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha mwisho cha benzeni kwenye maji ya kunywa kuwa maikrogramu 10 kwa lita. Maikrogramu moja ni sehemu moja ya milioni ya gramu, yaani huioni wala huishiki.

Hebu tupige hesabu. Lita moja ya petroli ina uzito wa gramu 740 hivi. Tuseme benzeni ndani yake ni asilimia 1, hiyo ni gramu 7.4. Ukigawa kwa kiwango cha WHO, benzeni iliyomo kwenye lita moja tu, ikiyeyuka yote, inatosha kuchafua zaidi ya lita 700,000 za maji. Lita moja! Ile chupa ya maji ya Kilimanjaro inayouziwa petroli ya bodaboda kando ya barabara.

Sasa chukua tangi la chini ya ardhi lenye tundu dogo linalodondosha tone moja kila sekunde. Matone 20 ni kama mililita moja. Kwa siku ni lita 4 na kitu, kwa mwaka ni zaidi ya lita 1,500. Mwenye tangi anaweza asigundue, maana kwenye maelfu ya lita anazouza, lita 4 kwa siku anaweza kudhani ni hewa ya joto au wizi mdogo wa vijana wa pampu. Ardhi ndiyo inajua ukweli.

Watanzania tunaifahamu vizuri hatari ya mafuta yanayoonekana. Tarehe 10 Agosti 2019, Msamvu pale Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Msiba ule nchi nzima ililia. Lakini mafuta yasiyoonekana hayana mlipuko wala kamera. Yanaua taratibu, na hakuna anayetangaza.

YALIYOTOKEA NG'AMBO YA MLIMA

Msidhani haya ni mambo ya Nigeria au ya Uarabuni. Ukiuzunguka mlima wetu kwa kaskazini mashariki, ukavuka Tsavo, unafika kaunti ya Makueni nchini Kenya. Huko linapita bomba la mafuta kutoka Mombasa kwenda Nairobi. Bomba la kwanza lilitandazwa mwaka 1978. Mei 2015, watu wa Thange, upande wa Kibwezi, waligundua kwamba mto wao una mafuta. Bomba lile la zamani lilikuwa limevuja chini ya ardhi.

Fikiria mwenyewe. Mto huo ndio unaomwagilia mboga, ndio unaonywesha ng'ombe, na visima vimechimbwa kando yake. Mara moja vyote vinakuwa havifai. Wakazi wamelalamika kwa miaka kuhusu maradhi, mifugo na mashamba. Kesi ikaenda mahakamani, na ni mwaka 2025, yaani miaka kumi baadaye, ndipo mahakama ilipoamuru kampuni ya bomba iwalipe mabilioni ya shilingi za Kenya. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza siku mafuta yanaonekana mtoni alikuwa ameshafika sekondari siku hukumu inasomwa.

Kuna jambo lingine la kujifunza huko huko Makueni. Bomba jipya lililojengwa kuchukua nafasi ya lile la zamani nalo lilivuja, mwishoni mwa Machi 2019, eneo la Kiboko ambako kuna chemchemi. Kwa hiyo usitegemee kwamba kitu kikiwa kipya hakivuji. Na angalia mahali penyewe: pembeni kuna vilima vya Chyulu, ambavyo ni vya volkano kama mlima wetu. Mvua ikinyesha Chyulu inapenya kwenye miamba na kutokea mbali, kwenye chemchemi kama Mzima inayopeleka maji hadi Mombasa. Ardhi ya namna hiyo inapokea maji upesi. Na kinachopokea maji upesi kinapokea na mafuta.

Hapo ndipo anapohitajika mwanajiolojia. Fundi wa bomba ataziba tundu. Mwanasheria ataandika madai. Lakini swali la "yamefika wapi na yanaelekea kwa nani" linajibiwa na mtu anayeisoma ardhi.

WANAFANYAJE KAZI YENYEWE?

Kwanza wanakaa mezani. Wanaangalia ramani za miamba, wanauliza tangi lilizikwa mwaka gani, ni la chuma au la plastiki ngumu, kumbukumbu za mauzo zinasemaje, visima vya majirani viko wapi. Kazi kubwa hapa ni kuongea na watu. Bibi aliyeishi hapo miaka 40 anaweza kujua kwamba zamani palikuwa na gereji ambayo haipo kwenye karatasi yoyote.

Pili wanatoboa. Wanachukua udongo wa mita moja, mbili, tatu, kuendelea chini, na kila sampuli inawekewa alama. Wana kifaa kinachonusa mvuke wa mafuta na kutoa namba. Sampuli nyingine zinafungwa vizuri, zinawekwa kwenye barafu, zinakimbizwa maabara kabla benzeni haijapaa.

Tatu, na hii ndiyo niliyoipenda kuliko zote, wanachimba visima vya kuangalizia. Si vya kunywa. Ni bomba jembamba lenye matundu madogo chini, linaloshushwa mpaka kwenye maji. Kwa uchache vinatakiwa vitatu, tena visikae kwenye mstari mmoja. Kwa nini vitatu? Kwa sababu maji ya ardhini nayo yana mteremko wake, na pointi tatu zinatosha kuujua. Tuseme kisima cha kwanza maji yako mita 812.40 juu ya usawa wa bahari, cha pili 812.10, cha tatu 811.95. Basi maji yanatoka upande wa kisima cha kwanza kuelekea upande wa cha tatu, na mafuta yaliyoyeyuka yanafuata. Kwa hesabu ya pembetatu ya shuleni unapata mwelekeo wenyewe. Wale mliokuwa mnauliza "hisabati itanisaidia nini maishani", jibu hilo hapo.

Ugumu ni kwamba mteremko wa maji chini si lazima ufanane na mteremko wa barabara unayoiona. Kwenye ardhi ya volkano kuna tabaka la lava yenye nyufa, chini yake majivu yaliyoshikana, kisha lava tena. Maji yanaweza kukimbia ndani ya ufa mmoja na kuruka kisima cha jirani wa karibu, yakaibukia kwa mtu wa mbali. Ndiyo maana huwezi kukisia kwa macho.

Nne, wanachora ramani ya doa lenyewe: linaanzia wapi, lina upana gani, linasogea kwa kasi gani, na nani yuko mbele yake. Ramani hiyo ndiyo inayoamua kisima gani kifungwe leo na kipi kinaweza kusubiri vipimo.

HALAFU KUSAFISHA

Hakuna dawa moja ya kumwaga chini ikamaliza kazi. Njia ni nyingi na mara nyingi zinachanganywa:

- Kuzuia chanzo. Tangi linamwagwa, tundu linazibwa. Bila hilo unadeki huku bomba limefunguliwa.

- Kuchimba udongo mchafu na kuupeleka pa kuutibu. Inafaa kama doa ni dogo na liko karibu na juu.

- Kunyonya mafuta yanayoelea juu ya maji kwa pampu, au kunyonya mvuke uliojaa kwenye udongo.

- Kupampu maji machafu, kuyapitisha kwenye mkaa maalumu unaonasa kemikali, na kuyarudisha yakiwa yamepimwa.

- Kuwasaidia bakteria. Hii si hadithi. Udongoni kuna bakteria wanaokula mafuta, ila wanahitaji oksijeni na virutubisho. Mtaalamu anaingiza hewa chini, bakteria wanapiga kazi.

Lakini msije mkasema "basi bakteria watamaliza, tukae". Mwaka 1979 bomba la mafuta ghafi lilipasuka karibu na mji wa Bemidji, jimbo la Minnesota, Marekani. Zilimwagika lita kama milioni 1.7. Walisafisha, walichota, walichoma, na bado lita zipatazo 400,000 zilibaki ardhini. Tangu mwaka 1983 wanasayansi wa serikali ya Marekani wanapatumia mahali hapo kama darasa. Wamethibitisha kwamba bakteria kweli wanakula mafuta na wanazuia doa lisisambae mbali kama ilivyohofiwa. Lakini zaidi ya miaka 40 imepita na mafuta bado yapo. Hiyo ni Marekani, yenye pesa na maabara. Kumwaga ni dakika, kusafisha ni umri wa mtu.

Na kila mafuta yana tabia yake. Petroli ni nyepesi na inakimbia. Mafuta ghafi ya Uganda, yanayohusu bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, yana nta nyingi kiasi kwamba bomba linapashwa moto ili yasigande. Hayo yakimwagika yakapoa, yanaganda karibu na yalipomwagikia. Daktari hatibu malaria na mguu uliovunjika kwa kidonge kimoja, na huku ni hivyo hivyo.

SASA SISI MOSHI INATUHUSU NINI?

Bomba la mafuta hapa halipiti. Lakini malori ya mafuta yanapita kila siku kutoka Dar na Tanga kwenda Arusha. Sheli zimejaa, kila moja ina matangi chini. Na gereji zetu za mtaani, jamani, tuseme ukweli. Oili chafu ikitolewa kwenye gari inakwenda wapi? Nyingine inauzwa kupaka mbao zisiliwe na mchwa, nyingine inamwagwa hapo hapo, ardhi imekuwa nyeusi na ngumu kama lami. Shirika la mazingira la Marekani linasema oili chafu ya gari moja tu, inayotolewa mara moja, inaweza kuharibu maji safi galoni milioni moja. Mafundi wetu si watu wabaya. Hakuna aliyewawekea pipa na hakuna anayepita kulichukua.

Mji wetu unakunywa maji ya mlima. Mvua inanyesha msituni, inapenya kwenye miamba, inatokea kwenye chemchemi kama Nsere na Shiri, na visima virefu vinaongezea. Utasema: chemchemi kubwa ziko juu ya mji, uchafu wa mjini hauwezi kupanda mlima. Sawa kabisa. Lakini maji hayaishii Moshi. Yanaendelea kushuka, juu ya ardhi na chini yake, kuelekea Kahe, Chekereni, mashamba ya miwa ya TPC, hadi bwawa la Nyumba ya Mungu.

Aliyekulia Uchaggani anajua sheria ya mfongo. Mfereji unapita kwa watu wengi, kila mtu ana zamu yake, na aliye juu akichafua, aliye chini ndiye anayekunywa. Ukifanya hivyo wazee wanakuita kikaoni, wanakupiga faini. Chini ya mitaa yetu kuna mifongo mingine isiyoonekana, na huko hakuna kikao cha wazee. Kwa watu wa Kahe, sisi wa Soweto, Majengo na Pasua ndio "wa juu". Hilo ndilo linanikosesha raha kuliko yote: hatutaonja sisi.

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasema anayechafua ndiye anayelipa gharama. NEMC wapo, EWURA wapo, na ofisi ya Bonde la Pangani iko hapa hapa Moshi. Lakini sheria inahitaji ushahidi, na ushahidi wa kitu kilicho chini mita kumi haupatikani kwa kupiga picha na simu. Unapatikana kwa kisima cha kuangalizia na mtu anayejua kukisoma. Bila mtu huyo, kesi inakuwa neno langu dhidi ya neno lako.

UKISIKIA HARUFU KISIMANI

Kama kisima, chemba au bomba la nyumbani linanuka petroli au mafuta ya taa, fanya hivi:

1. Usiwashe moto, kiberiti, sigara wala jiko karibu. Mvuke wa petroli unalipuka.

2. Usinywe, usipikie, usioge. NA USIDHANI KUCHEMSHA KUTASAIDIA. Hapa wengi tunakosea kwa sababu tumefundishwa tangu utotoni kuchemsha maji. Kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi sumu ya mafuta, na mvuke wake unauvuta wewe na mama jikoni. Dawa ya kuwekea maji nayo haisaidii.

3. Mwambie mtendaji wa mtaa na mamlaka ya maji siku hiyo hiyo. Kama harufu ni kali au mafuta yanaonekana, piga zimamoto, 114.

4. Andika tarehe, saa, na kama mvua ilinyesha. Uliza majirani wa juu na wa chini. Hicho ndicho kitu cha kwanza mtaalamu atakachokuuliza.

Na ukiona lori limepinduka, kimbia upande mafuta yasikoelekea. Dumu la lita 20 halilingani na ngozi yako.

KWA ANAYETAKA KUSOMEA

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanafundisha jiolojia tangu miaka ya 1970, na UDOM nao wanafundisha. Kemia ni muhimu sana kwenye kazi hii, pamoja na fizikia, hisabati au jiografia kulingana na chuo. Cheki mwongozo wa TCU wa mwaka husika, vigezo vinabadilika. Kwa walioishia kidato cha nne, Chuo cha Maji pale Ubungo, Dar, wana stashahada ya maji ya ardhini na uchimbaji wa visima. Anayejua kuchimba kisima vizuri na kupima maji ameshaijua nusu ya kazi hii.

Si kazi ya suti. Ni buti, glavu, jua la saa saba, kunusa mvuke mbaya, na kuandika ripoti ambayo tajiri hataifurahia. Mtu asiyeweza kusema "hapana mzee, kisima hiki kifungwe" mbele ya mwenye sheli asiende.

Lakini nikiangalia tunakoelekea, magari yanaongezeka, sheli zinaongezeka, mabomba yanajengwa, na maji ni yale yale ya mlima. Watu wa kutafuta madini tunao wengi. Wa kutulindia maji wanatakiwa, na hakuna sababu wasitoke kwenye mitaa hii hii.

Wadau, swali kwenu: mtaani kwako oili chafu inapelekwa wapi? Taja mtaa, usitaje jina la mtu. Na kama kuna fundi gereji au kijana wa sheli anasoma hapa, karibu sana, hebu tuambie ikoje kwa upande wenu. Maoni hapo chini, matusi tutafuta.